Ujasiriamali kwa kozi fupi ya mtandaoni au kwa semina ya darasani: mfanyabiashara wa Uganda achague ipi?

Uganda haina upungufu wa watu wanaothubutu kufungua biashara. Mwaka 2014 utafiti wa Global Entrepreneurship Monitor uliiweka miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani: zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikuwa wakianzisha biashara au wakiendesha iliyo changa. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliofunga nao walikuwa wengi. Kwa hiyo mtu wa Kisenyi au Katwe mjini Kampala, wa Busia mpakani, au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anayetafuta kozi ya ujasiriamali mara nyingi hatafuti moyo wa kuanza, maana anao tayari. Anatafuta namna ya kutofunga. Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitahangaika sana na kozi ipi ina masomo mengi au jina kubwa. Ninachotaka kujua ni ipi itabadilisha kitu katika biashara yenyewe.

Namfikiria msomaji wa Kiswahili mwenye simu janja na biashara ndogo, au anayekaribia kuifungua, na ambaye hawezi kuacha shughuli zake mwaka mzima akasome diploma.

Upande wa mtandaoni kuna nini

Zipo kozi za vyuo vikubwa vya nje. Coursera, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2012, lina mfululizo wa kozi za ujasiriamali kutoka shule ya biashara ya Wharton, Marekani: kuanzia kutafuta fursa, kuanzisha, kukuza, hadi fedha na faida. Kwenye jukwaa la edX, lililoanzishwa mwaka huohuo na vyuo vikuu vya Marekani vya Harvard na MIT, kuna kozi ya Bill Aulet wa MIT inayojikita katika swali moja tu, mteja wako ni nani, na nyingine ya Tarun Khanna wa Harvard kuhusu biashara katika nchi ambazo taasisi zake bado zinajengwa.

Zipo pia nyepesi zaidi. HP LIFE, ya mfuko wa kampuni ya HP, ni bure na cheti chake ni bure. Masomo yake ni mafupi, mtu anaweza kumaliza moja jioni moja. Alison ya Ireland inakufundisha bure kisha inakuuzia cheti. OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza ni ya kusoma zaidi kuliko kutazama video, na hilo ni jambo zuri kwa mwenye data kidogo.

Upande wa darasani

Hapa Uganda jina la kwanza ni Enterprise Uganda, iliyoanza mwaka 2001 na inayoendesha mafunzo ya Empretec ya Umoja wa Mataifa. Warsha ya Empretec huchukua siku 6, na haianzi na hesabu. Inaanza na tabia za mtu: kutafuta fursa, kuheshimu ahadi, kupima hatari, kuweka malengo. Mbinu hiyo inatokana na kazi za mwanasaikolojia David McClelland wa Harvard. Taasisi hiyohiyo huendesha pia semina kubwa za watu wengi kwa pamoja kwa wanaoanza.

Nakawa kuna Shule ya Biashara ya Makerere, MUBS, yenye kituo chake cha ujasiriamali na matawi Arua, Jinja, Mbale na Mbarara. Na katika makazi ya wakimbizi na miji ya wilaya, mashirika mengi hutumia mtaala wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ule wa kuanzisha na kuboresha biashara, ambao humfanya mshiriki acheze mchezo wa kununua na kuuza darasani ili aone kwa macho yake pesa inavyoishia.

Pesa: kilicho bure kinagharimu

Watu wengi hulinganisha ada, kisha wanaishia hapo. Ada ni sehemu ndogo.

Tuseme mama anauza vitenge, na kibanda kinamwachia faida ya shilingi 25,000 kwa siku. Anaitwa kwenye semina ya siku 6 isiyo na ada. Akifunga kibanda, amekosa 150,000. Nauli ya taksi kwenda na kurudi ikiwa 6,000, ni 36,000 nyingine. Semina ya bure imemgharimu 186,000 kabla hajanunua chakula cha mchana. Akiwa na binti au dada wa kumkalia kibanda, hesabu inabadilika kabisa, na hapo semina inaweza kuwa rahisi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa aangalie mtandaoni. Video ya ubora wa chini hula takriban MB 300 kwa saa. Kozi yenye saa 20 za video ni kama GB 6. Data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kodi iliyochukua nafasi ya ile tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Hata hivyo gharama ya GB 6 zilizogawanywa kwa miezi miwili haifikii faida ya siku 6. Programu za simu za Coursera na edX zinaruhusu kupakua video ukiwa penye Wi-Fi, ukatazame baadaye bila data, kwa hiyo gharama inaweza kushuka zaidi.

Lakini mtandaoni kuna mtego wa malipo ambao darasani haupo. Kozi za mfululizo hulipiwa kwa mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayojazwa kwa pesa za simu. Ukisahau kusitisha, unakatwa mwezi wa pili na wa tatu hata kama hujafungua somo. Njia salama ni kuanza kwa kutazama bila cheti pale inaporuhusiwa, au kuomba msaada wa ada kwenye Coursera: unaandika maelezo ya hali yako na sababu za kutaka kozi, unasubiri wiki kadhaa, na wengi wenye kipato kidogo hukubaliwa. Ombi hilo liandike kwa uangalifu, kwa maneno yako mwenyewe.

Saa, umeme na mtandao wenyewe

Kozi ya mtandaoni inakufuata ulipo. Mwendesha boda anaweza kusikiliza somo akiwa stejini akisubiri abiria. Mama anaweza kusoma watoto wakishalala. Darasa linakutaka uwepo saa tatu asubuhi Jumatatu, siku ambayo mzigo wako unafika kutoka Malaba.

Ila uhuru huo una udhaifu wake. Umeme ukikatika, na simu ikiwa ile ile inayopokea pesa za wateja, somo ndilo linaloahirishwa. Mtandao nao una historia: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa muda mrefu baada ya hapo. Kozi inayoweka mijadala yake yote kwenye kundi la Facebook inamlazimisha mwanafunzi wa Uganda atumie VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, kila siku. Ulizia hilo mapema. WhatsApp ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi kwetu.

Kinachofundishwa

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kozi za nje hudharauliwa kirahisi kwamba ni za Wazungu na hazituhusu. Si kweli kwa zote.

Chukua lile swali la MIT, mteja wako ni nani. Muulize muuza vitenge wa Kisenyi, atakwambia wanawake wote. Mbinu ya Aulet inakataza jibu hilo. Inakutaka umchague mteja mmoja wa kuanzia na umweleze mpaka uweze kumtambua mlangoni. Je, ni fundi cherehani wa Katwe anayenunua jora zima, anataka bei ya jumla na anarudi kila wiki mbili? Au ni familia yenye harusi inayotaka vipande vya rangi moja, haijali sana bei, ila inataka vyote viwepo leo na haitarudi mwaka huu? Hao wawili wanahitaji mzigo tofauti, bei tofauti, hata saa za kufungua tofauti. Anayejaribu kuwahudumia wote kwa mtaji mdogo anajaza kibanda nguo ambazo hazitoki. Nimeona vibanda vingi vilivyokufa namna hiyo, vikiwa vimejaa mali. Swali hilo moja, likijibiwa vizuri, linastahili GB zote 6.

Tatizo la kozi za nje liko mahali pengine. Zinatumia muda mrefu kwenye wawekezaji, hisa na namna ya kuomba mamilioni ya dola, na hazigusi kabisa mambo yanayomnyima usingizi mfanyabiashara wa hapa. Hakuna mwalimu wa Wharton atakayekueleza kwamba jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwamba bila namba ya mlipakodi kutoka URA, mamlaka ya mapato, milango mingi haifunguki, au kwamba siagi ya karanga unayofungasha nyumbani haitapokelewa supamaketi bila alama ya UNBS, shirika la viwango. Hatakwambia kuhusu EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki uliowafanya wafanyabiashara wa Kampala wafunge maduka kwa kupinga Aprili 2024. Wala hatakuhesabia kwamba kutoa pesa kwenye simu kunatozwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya kampuni. Mteja akikulipa kwa simu na wewe kila jioni unazitoa ili ukanunue mzigo kwa taslimu, kodi hiyo inakula faida yako taratibu; afadhali utafute muuzaji wa jumla anayepokea malipo ya simu moja kwa moja.

Semina ya hapa nyumbani inayaweza haya yote, na mkufunzi mzuri anayajua kwa sababu yeye mwenyewe ana duka. Udhaifu wake ni kwamba ubora unategemea mtu. Warsha mbili zenye jina moja, moja Mbarara na nyingine Arua, zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi. Mtandaoni angalau unaweza kumsikiliza mwalimu kwa dakika 10 kabla hujaamua.

Kumaliza, na kufuatwa

Jambo hili ndilo linaloamua, kwa maoni yangu, kuliko mengine yote.

Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha takwimu za kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo 2017 hadi 2018, kati ya watu wote waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa asilimia 3 hivi. Kati ya waliolipia cheti, walimaliza asilimia 46. Wengi wa wasiolipa waliingia kuchungulia tu, kwa hiyo tofauti hiyo isisomwe kana kwamba pesa ndiyo inayofundisha. Lakini funzo lipo: asiyejifunga kwa chochote huondoka.

Na hata anayemaliza, je, biashara inabadilika? Kuna utafiti wa Togo ambao kila anayechagua kozi angefaa kuujua. Uliwahusisha wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé na ukachapishwa mwaka 2017. Theluthi moja walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha. Theluthi nyingine walifundishwa mwenendo wa mjasiriamali: kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kutafuta tofauti yako, kupanga na kuendelea baada ya kukwama. Waliobaki hawakupewa kitu. Waliofundishwa mwenendo walipata faida iliyozidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30. Waliofundishwa hesabu na masoko walizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati.

Kinachosahaulika katika habari hiyo ni kwamba makundi yote mawili yalikaa darasani kwa wiki 4, kisha mkufunzi akawatembelea dukani kila mwezi kwa miezi minne. Hawakutazama video wakaachwa.

Uganda nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2013 maelfu ya wanafunzi wa sekondari ya juu walihusishwa katika jaribio lililoendeshwa na shirika la Educate!, ambapo baadhi yao walipata mafunzo ya biashara ya wiki tatu ya kukaa bweni. Miaka mitatu na nusu baadaye, vijana waliofundishwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa karibu asilimia 30, iwe mafunzo yaliegemea hesabu na fedha au yaliegemea kujieleza, kujadiliana na kushirikiana. Wiki tatu tu, ila wiki tatu za kuwa pamoja mchana kutwa, na mkufunzi anayekuuliza swali ukiwa hujajiandaa.

Siandiki haya kuikataa kozi ya mtandaoni. Naandika ili anayeichagua ajue anachokosa, akitengeneze mwenyewe. Na kinatengenezeka. Kwenye chama chenu cha akiba, tafuteni watu wanne au watano wenye biashara, chagueni kozi moja, kila mtu atazame somo la wiki kwa wakati wake. Siku ya kukutana kuweka akiba, kila mmoja aeleze alichobadilisha dukani na kilichotokea. Anayekuja mikono mitupu alipe faini ileile ya kuchelewa. Kila mwezi mmoja wenu atembelee biashara ya mwenzake, aombe kuona rekodi, aulize maswali magumu. Mtakuwa mmepata mwalimu wa MIT na mkufunzi wa mtaani kwa wakati mmoja.

Lugha

Kozi kubwa za mtandaoni ni za Kiingereza. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi wana njia ya pili, Kifaransa, ambacho kipo HP LIFE na kwa sehemu kwenye Coursera na edX. Kwa aliyesoma Kiswahili tu, darasa linashinda bila ubishi, mradi aulize mapema semina itaendeshwa kwa lugha gani. Kampala semina nyingi zinachanganya Kiingereza na Kiganda. Busia, Malaba na kwenye makazi ya wakimbizi Kiswahili husikika zaidi. Msikubali kukaa siku 6 mkitikisa kichwa. Kama mmekuja kumi mnaohitaji Kiswahili, mwombeni mwandaaji awape mkalimani kabla ya siku ya kwanza.

Cheti

Kwa anayetafuta kazi kwenye shirika, cheti cha Wharton au MIT kwenye wasifu kinasaidia, na hicho cha HP LIFE kinaonyesha kuwa mtu anajituma. Kwa mwenye duka, cheti kina uzito mdogo. Afisa mikopo wa benki au SACCO atauliza mzunguko wa pesa kwenye akaunti na kwenye simu yako, dhamana, na historia ya kulipa. Cheti hakitachukua nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo.

Basi, nani achague nini

Ambaye biashara yake inaendelea, anaelewa Kiingereza au Kifaransa, na hana wa kumwachia duka: aende mtandaoni, lakini na wenzake. Aanze na HP LIFE kwenye masomo ya fedha, kwa kuwa ni mafupi na hayamdai kitu. Akiona anamaliza, ahamie kozi ya mteja ya MIT. Mfululizo wa Wharton nauweka mwisho, kwa mwenye kampuni inayotaka kukua na kutafuta wawekezaji.

Ambaye hajaanza, au alianza akafunga na moyo umevunjika, nampeleka darasani. Siku 6 za Empretec zitamfanyia kazi ambayo video haiwezi, na atatoka na watu wa kuwapigia simu. Aliyeko mbali na Kampala aulize ofisi ya biashara ya wilaya yake ni semina gani zinakuja na nani anaziendesha.

Kijana asiye na mtaji wala ujuzi wa mikono asianze na kozi ya ujasiriamali ya aina yoyote. Kaskazini mwa Uganda, serikali iliwahi kuyapa makundi ya vijana ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa. Watafiti Blattman, Fiala na Martinez waliona kwamba baada ya miaka minne kipato chao kilizidi cha wasiopata kwa asilimia 38, ingawa baada ya miaka tisa pengo hilo lilikuwa limezibika. Cherehani na aliyekufundisha kushona vinatangulia. Njia ya zamani ya kukaa dukani kwa mzee wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ukibeba mzigo na kuangalia anavyopanga bei, nayo ni shule kamili, ila hakikisha mmekubaliana tangu mwanzo utalipwa nini na utakaa muda gani.

Kabla hujalipa popote, omba kuona ratiba na jina la mkufunzi, na umtafute mtu mmoja aliyepita hapo mwaka jana umuulize kilichobadilika kwake. Na akitokea mtu anayekuuzia kozi kwa ahadi kwamba cheti chake kitakupatia ile shilingi milioni 1 ya mpango wa parishi, ule wa PDM uliozinduliwa Februari 2022, mkatalie hapohapo. Pesa hizo hupitia SACCO ya parishi kwa kaya zilizo kwenye vikundi vya uzalishaji, na hakuna cheti cha kozi kinachohitajika. Nenda kwa chifu wa parishi yako umuulize.